Sura ya Tano: Nani Atafasiri?

Ukitaka kuwasikia Wakristo wa Kivu ya Kaskazini wakibishana kwa dhati juu ya imani, usiwaulize habari za Utatu Mtakatifu. Waulize kama Roho Mtakatifu bado anawanenesha watu kwa lugha. Na Kiwanja ni mahali pazuri pa kuulizia. Mji huo uko kilomita kama 70 kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya taifa namba 2, jirani kabisa na Rutshuru-centre, pembeni mwa mbuga ya Virunga. Wanaosali hapo wanasali chini ya mapaa mengi: Wakatoliki, Wabaptisti wa 3e CBCA, Wapentekoste wa 8e CEPAC, Waadventisti, Waanglikana, na makanisa ya uamsho ambayo leo yanafunguliwa na kesho yanagawanyika. Nyumba moja inaweza kuwa na mama wa Legio ya Maria, kijana anayeimba katika korali ya CBCA, na mkamwana ambaye hakosi mkesha wa Ijumaa katika chumba cha maombi. Wanakula fufu na sombe kwenye sinia moja, wanauguzana, wanazikana. Lakini mmoja wao akianza kuomba kwa sauti ambazo si Kiswahili, si Kinyarwanda, si Kinande wala Kifaransa, wale wengine wawili hutazamana.

Kila mmoja ana jibu lake. Mpentekoste amefundishwa kwamba baada ya kuokoka kuna ubatizo wa Roho, na kwamba lugha ndiyo dalili ya kuupokea. Mbaptisti wa mtindo wa zamani amefundishwa kwamba lugha zilikuwa za kuanzisha Kanisa. Mitume walipokufa na Maandiko yalipokamilika, kazi yake iliisha. Mkatoliki wa kawaida hana fundisho kali kwa upande wowote, ila anapenda kujua kama padri amepewa habari. Ukiwakalisha pamoja, mazungumzo hugeuka haraka kuwa kesi yenye swali moja: je, jambo hili ni la kweli au la kuigiza? Nadhani swali hilo linapewa kiti cha mbele bila kustahili. Paulo, alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana kwa sababu hiyo hiyo, alitanguliza jingine: maneno haya yanamjenga nani, na nani atayafasiri? Swali hilo halimtaki mtu kwanza aache kanisa lake ndipo aruhusiwe kulijibu, na kwa mji kama Kiwanja lina uzito ambao pengine halina Stockholm wala Los Angeles.

Tuanze na nasaba, maana mipaka inayoonekana ya kale sana kati ya Mbaptisti na Mpentekoste si ya kale hivyo. Fundisho kwamba lugha ndiyo dalili ya ubatizo wa Roho lilitolewa na Charles Parham huko Topeka, Marekani, mwaka 1901, likapata moto wake katika mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya William Seymour, mhubiri mweusi ambaye wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Mwaka huo huo Mmethodisti Thomas Ball Barratt aliupeleka moto ule Norway. Mchungaji kijana kutoka Uswidi, Lewi Pethrus, alikwenda kumwona mwanzoni mwa 1907. Pethrus alikuwa Mbaptisti. Kanisa lake la Filadelfia la Stockholm lilikuwa kanisa la Kibaptisti hadi mwaka 1913, lilipofukuzwa katika umoja wa Wabaptisti wa Uswidi, na sababu iliyoandikwa haikuwa lugha: ilikuwa kuwaruhusu watu wasiobatizwa Kibaptisti washiriki meza ya Bwana. Kutoka katika uamsho huo wa Waswidi walitoka wamisionari waliofika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo iliyozaa CEPAC. Basi Mbaptisti na Mpentekoste wanaobishana leo sokoni Kiwanja ni watoto wa nyumba moja iliyovunjika miaka zaidi ya mia iliyopita, mbali sana na hapa, kwa ugomvi ambao hakuna babu yao aliyeuhudhuria.

Mwaka 1921 una jambo jingine ambalo Mkongomani hapaswi kuliruka. Mwezi Aprili wa mwaka huo, huko Nkamba, Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alianza kuponya na kuhubiri. Watu walitetemeka, waliona maono, walitabiri. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville mwezi Oktoba 1951. Roho aliyekuja na pasipoti ya Ulaya alipewa kiwanja cha kujenga misheni, na Roho aliyemshukia katekista mweusi alipewa pingu. Hivyo, kabla hatujauliza kama karama fulani ni ya kweli, inafaa kukumbuka kwamba katika nchi hii swali hilo liliwahi kuulizwa na mahakama ya kijeshi, na jibu lake likawa la kisiasa.

Serikali iliendelea kulijibu hata baada ya uhuru. Amri ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu, na Kanisa la Kristo, yaani ECC, ambalo lilitakiwa kuwafunika Waprotestanti wote kama mwavuli. Ndiyo asili ya zile namba tunazozitamka bila kufikiri: ya 3 CBCA, ya 5 CELPA, ya 8 CEPAC. Wabaptisti waliosema lugha zimekoma na Wapentekoste waliosema lugha ni dalili ya lazima wakajikuta ni jumuiya mbili za kanisa moja, wakihudhuria vikao vimoja na kusaini barua moja. Mobutu hakulifanya hilo kwa mapenzi ya umoja wa Wakristo. Hata hivyo matokeo yake yanafundisha kitu: kwa zaidi ya miaka 50 watu wanaotofautiana kabisa juu ya lugha wameendesha shule pamoja, na hospitali, na mazishi, bila upande mmoja kuumeza mwingine. Siasa ya vyama vingi ilipofunguliwa mwezi Aprili 1990, makanisa ya uamsho yalichipuka nje ya mwavuli huo, na mabishano yakapata upande wa tatu ambao haukuwa na kikao cha pamoja na mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye ushahidi juu ya lugha zenyewe. Wale wa kwanza wa Azusa waliamini kwamba wamepewa lugha za mataifa, ili wakahubiri bila kupoteza miaka darasani. Imani hiyo ilipimwa kwa njia iliyo wazi kuliko zote: watu walipanda meli. Alfred Garr na mkewe walifika Calcutta wakiwa na hakika kwamba yeye amepewa Kibengali. Hakuna Mbengali aliyemwelewa. Garr hakuikana imani yake. Baadaye alikwenda Hong Kong, akakaa chini kujifunza Kichina kama mwanafunzi mwingine yeyote, huku akiendelea kuamini kwamba lugha ni zawadi ya kumsifu Mungu. Wapentekoste wengi walifuata njia hiyo hiyo ya mawazo, na Waswidi waliofika Uvira walijifunza Kiswahili kwa daftari na kalamu. Huu ni uaminifu unaostahili kusifiwa: dai lilipimwa, likashindwa, likarekebishwa. Linalosikitisha ni kwamba hadi leo wako wahubiri wanaolirudia dai la kwanza kana kwamba Garr hakuwahi kushuka melini.

Miaka 65 baada ya safari hiyo, mwanaisimu William Samarin, aliyekuwa mmisionari katika Afrika ya Kati na mtaalamu wa Kisango, alichapisha mwaka 1972 utafiti mpana juu ya kunena kwa lugha. Alichokuta ni kwamba msemaji hutumia sauti zilizo tayari kinywani mwake, kutoka lugha anazozijua, akizipanga katika silabi nyepesi zinazojirudia. Kupanda na kushuka kwa sauti kunafanana na kwa lugha, lakini sarufi haipo wala msamiati unaoshikika. Vilevile Samarin alikataa kwamba wanenaji ni wagonjwa wa akili. Aliwaona watu timamu wanaofanya kitu chenye maana kwao. Mwaka 2006 daktari Andrew Newberg wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipima ubongo wa wanawake watano wakati wa kunena. Sehemu ya mbele, ile inayohusika na kujitawala na kupanga maneno, ilipunguza kazi. Watano ni wachache mno kujengea ghorofa. Lakini matokeo hayo yanaendana na wanavyoeleza wanenaji wenyewe: kwamba si wao wanaochagua maneno.

Mbaptisti akisoma aya hiyo hushangilia upesi. Kama si lugha, anasema, basi si lugha zile za Matendo ya Mitume sura ya 2, ambako watu wa mataifa walisikia kila mmoja usemi wa kwao; na kama si zile, ni bure. Hapa amekimbia kuliko ushahidi wake. Paulo mwenyewe, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, anaeleza jambo ambalo hakuna anayelielewa, linaloelekezwa kwa Mungu, lililo la siri, na linalohitaji karama ya pili ili lifasiriwe. Hilo linafanana zaidi na alichokikuta Samarin kuliko na siku ya Pentekoste. Na Paulo halidharau: anasema yeye mwenyewe ananena kuliko wote. Mwanaisimu amethibitisha kwamba mtu asitegemee sarufi katika sauti hizo. Kama mtu anaomba kweli, hilo halimo katika vipimo vyake. Kilio cha mfiwa nacho hakina sarufi.

Upande wa Mbaptisti unategemea pia hoja ya historia, ambayo Benjamin Warfield wa Princeton aliipa umbo lake maarufu mwaka 1918: miujiza ilikuwa hati ya mitume, na hati haihitajiki baada ya mjumbe kutambuliwa. Hoja ni safi, ila Maandiko hayasemi hivyo mahali popote kwa uwazi. Kifungu kinachotajwa daima, cha lugha kukoma ukamilifu ujapo, kinaendelea kuzungumzia kuona uso kwa uso, na ni vigumu kukubali kwamba Paulo alikuwa akifikiria kufungwa kwa orodha ya vitabu. Historia nayo ina mikunjo. Irenayo, katika karne ya 2, anazitaja lugha kama jambo la siku zake. Yohane Krisostomo, mwishoni mwa karne ya 4, anakiri kwamba kifungu cha Wakorintho kinamtatiza kwa sababu mambo hayo hayaonekani tena. Kwa hiyo zilififia, ndiyo. Kufifia ni habari ya yaliyotokea, na haitoshi kuwa sheria ya yanayoruhusiwa. Augustino, ambaye naye alifundisha kwamba sasa Kanisa zima linasema lugha zote kwa kuenea duniani, aliwasifu wakati huo huo waumini wanaomwimbia Mungu kwa shangwe isiyo na maneno, moyo unapojaa kuliko silabi. Mkatoliki wa Kiwanja anayedhani kwamba sauti bila maneno ni uvamizi wa Kiprotestanti hana habari za Augustino huyo, Askofu wa Hippo.

Wala hana habari za karibu zaidi. Uamsho wa karismatiki ndani ya Kanisa Katoliki ulianza mwezi Februari 1967 kwa kikundi cha Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh. Mwaka 1974 Kardinali Léon-Joseph Suenens wa Ubelgiji aliwakusanya wanateolojia huko Malines watoe mwongozo, na wakati wa sikukuu ya Pentekoste ya mwaka 1975 Papa Paulo wa 6 aliwapokea wanakarismatiki Roma. Mwongozo ule haukuzifanya lugha kuwa kipimo cha mtu wala haukuzifukuza. Ulizihesabu karama moja kati ya nyingi, ya kawaida kabisa, inayofaa sala ya binafsi. Tangu 1972 pia Wapentekoste na Roma wana mazungumzo rasmi, yaliyoanzishwa na David du Plessis na padri Mbenedikto Kilian McDonnell. Inachekesha kidogo kwamba wajukuu wa Azusa na wajumbe wa Papa wamekuwa wakikaa meza moja kwa miaka 50, na habari hizo hazijapanda barabara ya Goma hadi Rutshuru.

Upande wa Mpentekoste nao haukosi ufa, na ufa wake uko kwenye neno "dalili". Matendo ya Mitume yanataja lugha siku ya Pentekoste, nyumbani kwa Kornelio, na Efeso. Hayazitaji Samaria walipopokea Roho, wala Paulo alipojazwa Roho kwa mikono ya Anania. Mpentekoste hujibu kwamba Samaria kulikuwa na kitu cha kuonekana, la sivyo Simoni mchawi asingetaka kukinunua kwa fedha. Jibu hilo lina akili, lakini kutokana na kitu cha kuonekana hatuwezi kuruka hadi sheria ya wote. Na Paulo anauliza, kwa namna inayotazamia jibu la hapana, kama wote wananena kwa lugha. Juu ya hayo upo ushahidi wa kwetu, wa ng'ambo ya mpaka tu. Uamsho mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki ulitoka Gahini, Rwanda, katika misheni ya Kianglikana, baada ya daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi kukutana Kampala mwaka 1929. Ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya na Kongo. Watu walilia, waliota ndoto, walitetemeka. Lakini alama yake ilikuwa kuungama hadharani, kurudisha vya wizi na kupatana na adui. Lugha hazikuwa mlango wake. Atakayesema kwamba Walokole wale hawakuwa na Roho kwa sababu hawakunena, na azungumze na historia ya nusu ya makanisa ya ukanda huu.

Zikiondolewa hoja hizo mbili, ya kukoma na ya dalili, kinachobaki mezani ni sura ya 14 ya barua ile ya kwanza kwa Wakorintho. Hapo Paulo anafanya jambo ambalo wabishi wa pande zote hulisoma upesi upesi. Anatenganisha sala ya mtu na Mungu wake na sala ya kusanyiko. Katika ya kwanza, anenaye anajijenga, naye Paulo hana neno. Katika ya pili anaweka masharti yanayoweza kuandikwa kwenye ubao wa matangazo: wawili, au wakizidi watatu, mmoja baada ya mwingine, awepo wa kufasiri, asipokuwepo, mnenaji anyamaze, aseme na nafsi yake na Mungu. Sababu anayoitoa ni ya jirani: mtu wa kawaida aliyekaa hapo atajibuje Amina kwa asichokielewa? Kwa waumini wa Kivu hoja hiyo inaingia moja kwa moja, maana sala ya kwetu ni ya kuitikiana. Anayeomba huachia nafasi, na kusanyiko huijaza. Amina ya mkutano ni saini, na hakuna anayetia saini karatasi asiyoisoma, labda awe amelazimishwa.

Paulo anaongeza kitu kizito zaidi. Anasema mimi nisipojua maana ya sauti, nitakuwa mgeni kwake anenaye, naye atakuwa mgeni kwangu. Msomaji wa Ulaya anaweza kulipita neno hilo. Msomaji wa Rutshuru hawezi. Katika eneo hili swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limebebwa na vita kwa zaidi ya miaka 30, na lugha ya mtu mara nyingi ndiyo kitambulisho kinachosomwa kwanza. Kiwanja penyewe, tarehe 4 na 5 Novemba 2008, wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, waliua raia nyumba kwa nyumba, na Human Rights Watch ilihesabu wasiopungua 150, karibu na kituo cha askari wa Umoja wa Mataifa. Waasi wa M23 waliuteka mji mwaka 2012, wakaondolewa 2013, wakarudi mwezi Oktoba 2022. Watu waliopitia hayo wamejifunza kuwa waangalifu na maneno wasiyoyaelewa yanayosemwa karibu nao usiku. Kuwaomba wakae katika chumba kilichojaa sauti zisizofasiriwa, kisha wajione ndugu, ni kuomba mengi. Kufasiri kwenyewe ni kumwambia aliyekaa kando kwamba hapa yeye si mgeni.

Na kufasiri ni kazi ambayo makanisa ya huku yanaijua kuliko makanisa mengi ya dunia. Mhubiri akitoka Kinshasa au ng'ambo na Kifaransa chake, mtafsiri husimama ubavuni mwake na kugeuza sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili. Anajua kungoja, anajua kuuliza anaposhindwa, na kusanyiko linajua kumcheka akikosea. Katika ibada za mchanganyiko, wenye Kinyarwanda, Kinande na Kihunde hukutana kwenye Kiswahili kwa utaratibu ambao hakuna aliyeulalamikia kuwa unamzimisha Roho. Utaratibu uleule wa wawili au watatu, kwa zamu, na mtu wa kuwageuzia wengine, tayari unafanya kazi kila Jumapili kwa lugha za wanadamu. Kinachotakiwa ni kuukubali kwa lugha ile nyingine.

Mpentekoste atasema hapa: mnamwekea Roho ratiba. Anayejazwa hawezi kungoja zamu, na atakayengoja ameuzima moto. Pingamizi hili lina ukweli mmoja mkubwa, nao ni kwamba makanisa mengi ya zamani yalitumia neno utaratibu kuua kila kilicho hai. Korinto, hata hivyo, ndilo kanisa lililokuwa na karama kuliko yote ambayo Paulo aliyaandikia, na ni hilo hasa aliloliambia kwamba roho za manabii huwatii manabii. Maana yake mnenaji anaweza kuacha. Kama hawezi kuacha, basi kwa kipimo cha Paulo kuna jambo la kuulizwa. Sura hiyo inafungwa kwa kuwakataza Wakorintho wasizuie lugha, na Mbaptisti anayeitumia kama kufuli ameisoma hadi katikati tu.

Lipo pingamizi la aina nyingine, linalotoka kwa wasomi na kwa baadhi ya mapadri: kwamba haya yote ni jeraha. Watu waliokimbia mara nyingi, waliozika bila jeneza, wakikusanyika usiku lazima watatoa sauti; mpeni daktari, si mchungaji. Ni kweli kwamba mateso yanatafuta kinywa, na Paulo anajua hilo anapowaandikia Warumi kwamba kuna kuugua kusikotamkika. Tatizo la maelezo haya ni kwamba yanaeleza kupita kiasi. Stockholm ya 1913 haikuwa na vita, wala wanafunzi wa Pittsburgh hawakuwa wakimbizi. Na hata kama jeraha ndilo lililomfungua mtu kinywa, chanzo cha sala hakiamui thamani yake. Zaburi nyingi zilitoka katika jeraha. Tena si lazima kuchagua kati ya daktari na mchungaji. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 chini ya CEPAC, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kanisa linalonena kwa lugha ndilo lililojenga chumba cha upasuaji.

Hatari halisi iko kwa mfasiri mwenyewe, na hapa sharti nikubali kwamba hoja yangu ina makali pande zote mbili. Sauti isiyo na maana haiwezi kumdhuru mtu. Ikishapewa maana, inaweza. Katika vyumba vya maombi ambako mtu mmoja ndiye mnenaji, ndiye mfasiri, ndiye nabii na ndiye mtunza sadaka, tafsiri imewahi kuwa jina la mchawi, na mara nyingi jina hilo ni la mtoto, yatima, aliyekuwa mzigo kwa wajomba. Jambo hili limeenea Kongo kiasi kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ililazimika kukataza kumtuhumu mtoto uchawi na kuweka adhabu. Je, basi si heri lugha zibaki bila kufasiriwa? Hapana, kwa sababu Paulo hakuishia kwa mfasiri. Wengine wapime, anasema, na neno hilo ni la wingi. CEPAC ina baraza la wazee, CBCA ina mashemasi na mikutano yake, Mkatoliki ana padri na jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa Kongo walizichagua tangu 1961. Kila moja ya taasisi hizo ni nzito, ina uvivu wake, na vijana huzikimbia kwa sababu hiyo. Lakini zote zinaweza kumwambia mtu kwamba tafsiri yake si ya Mungu. Chumba cha mtu mmoja hakina wa kumwambia.

Linabaki pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote, nalo ni la wanawake. Wao ndio wengi katika mikesha. Katika makanisa ambayo mimbara iliwekwa mbali nao, lugha na unabii viliwapa sauti ambayo hakuna kamati iliyowapigia kura. Aliyesimuliwa kunena kwanza Topeka mwaka 1901 alikuwa mwanamke, Agnes Ozman, na Azusa ilijaa wanawake waliohubiri. Mtu anayekuja sasa na sura ya 14 mkononi, akitaka zamu, mfasiri na wapimaji, mwanamke ana haki ya kumtazama vibaya, maana aya chache mbele sura hiyo hiyo inawaambia wanawake wanyamaze katika kusanyiko. Wanaoupenda utaratibu hawawezi kuchukua aya ya 27 na kujifanya hawajaiona ya 34. Jibu la haki linaanzia sura ya 11 ya barua ile ile, ambako Paulo anazungumzia namna mwanamke anavyopaswa kuvaa kichwani anapoomba au kutabiri mbele ya watu. Haiwezekani kumwekea masharti ya mavazi mtu ambaye hana ruhusa ya kusema. Kwa hiyo kunyamaza kwa aya ya 34, kuwe kwa sababu ipi, hakuwezi kuwa kunyamaza kwa kila mwanamke kila wakati. Lakini jibu la karatasini halitoshi. Baraza la kupima likiwa la wanaume watupu, litapima lugha za wanawake na kuziacha za wachungaji, na mama wa mkesha wa Ijumaa atarudi katika chumba kile cha mtu mmoja, ambako angalau anasikilizwa. Jumuiya yoyote ya Kiwanja, ya 3 au ya 8 au parokia, inayotaka kuishika sura ya 14 italazimika kuanza kwa kuhesabu ni wanawake wangapi wamekaa upande wa wanaopima.